Kivebulaya: Msomaji wa Buganda aliyevuka Semliki kabla ya mpaka

Leo mtu akitaka kutoka Fort Portal, magharibi mwa Uganda, kwenda Boga katika mkoa wa Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anapaswa kuonyesha karatasi zake kwa maofisa wa nchi mbili. Mwishoni mwa mwaka 1896 mwalimu mmoja wa dini kutoka Buganda alisafiri kwa njia hiyo kwa miguu bila kuulizwa pasi na mtu. Alipita upande wa kaskazini wa milima ya Ruwenzori, akateremka kwenye joto la bonde, akavuka mto Semliki na kupanda mwinuko wa upande wa pili hadi Mboga, kama Boga ilivyoitwa wakati ule. Mbele yake ulianza msitu mkubwa wa Ituri.

Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Kanisa la Kianglikana humkumbuka kila tarehe 30 Mei, siku aliyofariki mwaka 1933. Nje ya kanisa hilo wachache wanamfahamu, na wanaomfahamu humtaja zaidi kama mhubiri. Makala hii inamtazama kwa upande mwingine: alisoma nini, alifundisha vipi, aliishije siku kwa siku, na kwa nini kazi yake inawahusu wakazi wa nchi zetu ambazo leo ziko katika jumuiya moja.

Koti la Ulaya

Alizaliwa Buganda mnamo mwaka 1864, akiwa mmoja wa mapacha. Kwa desturi ya Waganda pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa huitwa Waswa, na hilo ndilo lilikuwa jina lake la kwanza. Jina la Apolo alilipata alipobatizwa mwanzoni mwa mwaka 1895. Ni jina la yule Apolo wa Aleksandria ambaye Matendo ya Mitume humtaja kuwa msemaji hodari na mjuzi wa Maandiko. Kivebulaya lilikuwa jina la utani, maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya koti jekundu alilopenda kulivaa juu ya kanzu yake nyeupe. Jina la utani likashika kuliko la kuzaliwa.

Kabla ya hapo alikuwa amepita njia nyingi. Akiwa kijana aliwekwa kwa mganga ajifunze kazi, akaiacha. Akafuata Uislamu, dini iliyoingia Buganda miongo kadhaa kabla ya Ukristo. Alikua katika miaka ya vita vya kugombea Ikulu ya Kabaka, wakati Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipokuwa wakifukuzana kwa zamu. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi alipobatizwa, akiwa mtu mzima aliyekwisha kuona mengi.

Kusoma kwanza, maji baadaye

Ili kuelewa maisha ya mtu huyu ni lazima kuelewa neno kusoma lilivyotumika Buganda. Wafuasi wa dini mpya hawakuitwa waumini. Waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kwenda kusali kulikuwa ni kwenda kusoma, na mpaka leo Waganda wengi hutumia neno hilo kwa maana zote mbili. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa, maana neno lenyewe ni la kwetu pia.

Tena Kiswahili kilikuwamo tangu mwanzo. Alexander Mackay, fundi kutoka Scotland aliyefika Buganda mwezi Novemba 1878, hakuwa na kitabu cha Kiganda mkononi. Alichokuwa nacho ni sehemu za Maandiko zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na Edward Steere kule Unguja. Wasomaji wa kwanza wa Ikulu ya Kabaka Mutesa walianza kutambua herufi kwa Kiswahili cha pwani, ndipo karatasi za Kiganda zikaanza kutoka katika matbaa ndogo ya Mackay. Mackay mwenyewe alifariki mwezi Februari 1890 huko Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Kanuni ya Waprotestanti ilikuwa kali. Mtu hakubatizwa kwa kusema tu kwamba ameamini. Ilimpasa kwanza aweze kusoma. Mwanafunzi alianza na kijitabu kilichoitwa Mateka, chenye silabi, sala na amri, kisha akapanda hadi Injili. Wazee, wanawake na watoto waliketi pamoja wakiimba silabi. Vitabu vilikuwa vichache kuliko watu, kwa hiyo kundi zima lilizunguka nakala moja iliyowekwa chini katikati. Ndiyo maana walikuwapo watu waliozoea kusoma kitabu kikiwa kichwa chini au kimelala ubavu, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa wamekaa siku ya kwanza.

Kitabu cha mkebe wa biskuti

Tafsiri ya Biblia nzima kwa Kiganda ilikamilika mwaka 1896, mwaka uleule Apolo alipoingia Mboga. Aliyesimamia kazi hiyo ni George Pilkington, kijana wa Ireland, akisaidiana na Mganda Henry Wright Duta Kitakule. Bila Duta kazi ile isingefika mbali, ingawa katika simulizi nyingi anatajwa kwa kifupi tu. Pilkington hakuifaidi kwa muda mrefu, kwani aliuawa mwezi Desemba 1897 katika uasi wa askari wa Kisudani.

Toleo moja la Biblia hiyo lilikuwa na umbo la ajabu: dogo kwa upana, nene kama tofali. Sababu yake ilikuwa ya nyumbani kabisa. Mchwa walikuwa wanakula karatasi, na chombo kilichopatikana kwa urahisi cha kuwazuia ni mkebe wa bati uliokuwa na biskuti za Waingereza. Kitabu kikachapwa kwa kipimo cha kuingia katika mkebe. Watu wakakiita Biblia ya mkebe wa biskuti.

Vitabu havikugawiwa bure. Vilinunuliwa, na fedha ya wakati ule ilikuwa kauri. Mtu alifika na mizigo ya kauri, akarudi na Injili moja. Utaratibu huo ulikuwa na faida mbili. Mwenye kitabu alikithamini kwa sababu kilimgharimu, na kanisa la Uganda likajijengea mfuko wake wenyewe. Askofu Alfred Tucker alishikilia kwamba walimu wa Kiafrika watunzwe na kanisa la Kiafrika wala si kwa fedha za London. Kwa hiyo mwalimu aliyetumwa Toro au Mboga alikuwa mmisionari wa Waganda, aliyetumwa na Waganda.

Siku ya mwalimu

Kazi ya mwalimu wa aina ya Apolo ilikuwa na sehemu tatu zisizotengana: kufundisha, kulima na kujenga. Ngoma iliita watu asubuhi kabla hawajaenda mashambani. Baada ya sala walisoma kwa makundi, wa silabi peke yao, wa Injili peke yao. Jua likipanda, mwalimu alishika jembe kama wenzake. Mchana alitembelea wagonjwa au kusuluhisha magomvi, na jioni ngoma ililia tena.

Kulima hakukuwa jambo la kujifurahisha. Waalimu wawili wa Kiganda waliomtangulia Apolo huko Mboga walilazimika kuondoka kwa sababu ya njaa, baada ya mtawala wa Mboga, Tabaro, kuzuia watu wasiwape chakula. Apolo alipofika, agizo lilikuwa lile lile. Yeye alifanya jambo rahisi: alilima. Mtu mwenye shamba lake hafukuzwi kwa sahani tupu.

Hakuoa. Hata hivyo nyumba yake haikuwa ya mtu mpweke, maana aliwachukua watoto yatima akawalea na kuwafundisha. Nyumba ya mwalimu ilikuwa shule ya bweni kabla ya shule ya bweni kujengwa.

Usomaji ulimfuata kila mahali. Toro na Mboga hazikuwa nchi za Kiganda. Walimu wa kwanza walifundisha kwa Kiganda kwa sababu vitabu vilikuwa vya lugha hiyo, na wapo waliotaka iendelee kuwa hivyo kwa ajili ya umoja. Lakini mtu wa Toro alitaka kusoma kwa lugha aliyoongea na mama yake. Huko Kabarole, H. E. Maddox alitafsiri Maandiko kwa Lunyoro-Lutooro, na Injili zikaanza kutoka mwanzoni mwa karne ya 20. Apolo ilimbidi ajifunze lugha hiyo akiwa mtu mzima, aifundishie na kuihubiria.

Mkuki na kifungo

Tusimfanye Tabaro kuwa mtu mbaya wa hadithi. Mboga ilikuwa zamani chini ya Bunyoro, na mtawala wake aliona walimu wageni wakitoka Toro, ambako Mfalme Kasagama alikuwa amerudishwa kwenye kiti kwa nguvu ya Waingereza na kubatizwa mwaka 1896. Dini na utawala vilikuwa vinakuja kwa njia moja, wakati mwingine na watu walewale. Walimu walipinga pombe, ndoa za wake wengi na matambiko, mambo ambayo ndiyo yaliyoshikilia heshima ya mtawala. Yeyote aliyekuwa mahali pa Tabaro angekuwa na mashaka.

Mashaka hayo yalipata nafasi mwaka 1898. Dada yake Tabaro alifariki kwa kuchomwa na mkuki kwa ajali, na lawama ikamwangukia mwalimu. Apolo alikamatwa, akapelekwa chini ya ulinzi hadi Fort Portal na kutiwa gerezani. Baadaye alisimulia kwamba katika siku hizo za shida alimwona Kristo akimwambia arudi msituni, naye atakuwa pamoja naye. Aamini mtu au asiamini maono hayo, matokeo yake yako wazi. Alipoachiliwa, alirudi kwa Tabaro, kwa watu waliomtia pingu. Mwishowe Tabaro mwenyewe alibatizwa.

Apolo alifanywa shemasi mwezi Desemba 1900 na kasisi mwaka 1903. Miaka mingi iliyofuata aliitumikia Toro, akitembea kijiji kwa kijiji. Angeweza kuishia hapo akiwa kasisi mwenye heshima, karibu na hospitali na matbaa, miongoni mwa wenzake.

Mstari unapopita

Wakati Apolo anaingia Mboga mara ya kwanza, mpaka ulikuwa jambo la ramani za Ulaya. Ardhini haukuwa umepimwa. Waingereza na Wabelgiji walivutana juu ya bonde la Semliki kwa miaka, hadi makubaliano ya mwaka 1910 yalipoiweka Mboga upande wa Kongo ya Wabelgiji. Watu wenye lugha inayokaribiana sana na Lunyoro, wenye shemeji na wajomba upande wa Toro, wakajikuta raia wa dola nyingine.

Kwa kanisa dogo la Mboga hilo lilikuwa pigo. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa na kazi yao Uganda, na serikali ya Wabelgiji iliwapa Wakatoliki nafasi ya mbele. Aliyerudi ni Apolo. Kati ya mwaka 1915 na 1916 alikwenda kuishi Mboga, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, na huko ndiko alikobaki. Katika miaka ambayo Afrika yote ilidhaniwa kufundishwa na Wazungu, kanisa la Boga liliongozwa na Mwafrika kutoka nchi jirani, na waliofuata nyuma yake walikuwa vijana aliowafundisha kusoma mwenyewe. Mwaka 1922 alipewa cheo cha kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, lakini kiti chake cha kanoni kilimwona kwa nadra.

Lugha ya msituni

Kuanzia mwaka 1921 hivi alianza kuingia kwa Wambuti, watu wa msitu ambao jirani zao waliwadharau na kuwaita kwa majina ya kejeli. Wengi walisema watu hao hawafundishiki kwa sababu hawakai mahali pamoja. Apolo hakuwataka watoke msituni wahamie kando ya kanisa ndipo wasome. Aliwafuata kambini, akaketi, akajifunza maneno yao.

Akiwa na umri wa karibu miaka 60 alianza tena kazi ya mwanafunzi wa silabi: kusikiliza sauti ngeni, kuzitafutia herufi, kuuliza jina la kitu mara ya pili na ya tatu. Matunda yake yalikuwa tafsiri ya Injili ya Marko kwa lugha ya Wambuti wa eneo hilo. Mbuti wa kwanza kubatizwa alibatizwa mwaka 1932, zaidi ya miaka kumi baada ya mazungumzo kuanza. Kwa hesabu za wapenda takwimu huo ni mwendo wa kobe. Kwa mwalimu aliyeshikilia kwamba mtu asome kwanza, ulikuwa mwendo wa kawaida.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliacha wosia kwamba azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa aliona kazi ilikuwa bado inakwenda upande huo.

Daftari zake ziko wapi

Kivebulaya alikuwa pia mwandishi. Aliandika kumbukumbu zake za safari na kazi kwa Kiganda, na maandishi yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere. Ni hazina adimu. Historia ya dini katika Maziwa Makuu tumezoea kuisoma katika barua za Wazungu waliokuwa wakiripoti kwa wakubwa wao. Hapa yupo Mwafrika wa miaka ile akiandika kwa lugha yake juu ya siku zake.

Waliomwandikia wengine habari zake waliziandika kwa Kiingereza. A. B. Lloyd, mmisionari aliyemfahamu, alitoa kitabu mwaka 1923 Apolo akiwa hai. Anne Luck alitoa kingine mwaka 1963, na mtafiti Emma Wild-Wood akachapisha utafiti mpana mwaka 2020. Ni kazi zenye faida. Lakini mwalimu wa shule ya msingi huko Bunia, Kasese au Kigoma, anayetaka kuwasomea wanafunzi wake habari za mtu huyu, anahitaji kitabu cha bei ndogo kwa lugha wanayoielewa wote, nayo ni Kiswahili. Vyuo vyetu vikuu vina idara za Kiswahili na za historia. Kutafsiri daftari hizo ni kazi inayoweza kufanywa na Mganda, Mkongo na Mtanzania wakikaa meza moja.

Boga ya leo

Kutoka kijiji kile dogo Waanglikana walisambaa Kongo ya mashariki, wengi wao wakiwa watu waliohama kutafuta kazi au kukimbia vita. Boga ikawa dayosisi mwaka 1972, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi hiyo wakapata jimbo lao. Katika miji kama Bunia na Kisangani ibada zao nyingi huendeshwa kwa Kiswahili, lugha inayounganisha makabila mengi kuliko ile ya wazee wa Boga.

Lakini Boga yenyewe haijapata utulivu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku ileile ya kumkumbuka Apolo ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi. Zaidi ya watu 50 waliuawa na maelfu wakakimbia. Waliokimbilia Uganda walishika njia ya Semliki, ileile aliyopita mwalimu, wao wakienda mashariki na watoto mgongoni.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Hotuba zilizotolewa zilizungumzia soko, barabara na forodha, na hayo yote yanahitajika. Hata hivyo mama wa Boga anapouliza jumuiya inamletea nini, anauliza kama mwanawe atalala salama na kama asubuhi shule itafunguliwa. Viongozi wetu wanaokutana Arusha wanapaswa kulipa swali hilo uzito uleule wanaoupa ushuru wa bidhaa. Boga haiko mwisho wa nchi yoyote. Iko katikati ya ukanda wetu, na ina wajomba pande zote mbili za mto.